Karabati Sasa, Serikali Italipa: Mwongozo kwa Asiyejihadhari

Mwongozo huu ni wa wenye nyumba Italia, hasa waliokuwa nayo mwezi Mei 2020, serikali ya Giuseppe Conte ilipotangaza Superbonus. Karabati nyumba yako ili ipunguze matumizi ya nishati au istahimili tetemeko la ardhi, nawe utarudishiwa asilimia 110 ya gharama kwa kupunguziwa kodi. Ndiyo, 110. Ukitumia euro 100,000, unapata haki ya 110,000. Msomaji makini atauliza hizo 10,000 za juu ni za nini. Msomaji makini hakuandikiwa mwongozo huu.

La kwanza, usiulize bei. Kwa kawaida fundi hupandisha, mwenye nyumba hushusha, wakakutana katikati wakiwa wamenuniana. Hapa nyote wawili mmekaa upande mmoja wa meza. Anayelipa ni Hazina, naye hakualikwa kwenye kikao. Fundi akisema mabamba ya kufunikia kuta yamepanda bei, mpe pole. Akisema viunzi vya kupandia ukutani havipatikani, huenda anasema kweli, maana mtaa mzima umeshavikodi. Mei 2022 Mario Draghi, waziri mkuu wa wakati huo, aliliambia Bunge la Ulaya kwamba gharama za kazi hizi zimepanda zaidi ya mara tatu, kwa sababu mpango wenyewe umemwondolea mtu hamu ya kupatana bei. Usimsikilize. Huyo ni mtu wa benki.

La pili, omba kila kitu. Sheria inataka uanze na kazi kubwa: kufunika zaidi ya robo ya kuta za nje kwa vizuia joto na baridi, au kubadilisha mtambo wa kupasha nyumba joto. Ukishaanza na mojawapo, nyingine zinaingia kwa mgongo wake: madirisha, paneli za sola, betri, hata kituo cha kuchajia gari la umeme. Gari lenyewe si lazima uwe nalo. Sharti tu nyumba ipande madaraja mawili ya nishati, na hilo mhandisi wako atalithibitisha kwa muhuri. Una kasri? Usikate tamaa. Makasri yalikuwa yameachwa nje, lakini mwaka huohuo wa 2020 yalifunguliwa mlango, mradi yawe wazi kwa umma.

La tatu ndilo tamu kuliko yote. Nafuu ya kodi ilitolewa kwa mafungu ya miaka mitano, baadaye minne, na haikumfaa asiyekatwa kodi ya kutosha. Kwa hiyo serikali ilikuruhusu kuiuza. Unamkabidhi mkandarasi haki yako, yeye anafuta ankara yote, kisha anaipeleka benki, na benki inaweza kuipitisha mbele. Wewe hutoi hata senti. Haki hizo zikawa zinatembea kama fedha, ingawa hakuna benki kuu iliyozichapa. Wajanja waliona mapema kuliko wakaguzi: zikauzwa haki za kazi zisizofanyika, kwenye nyumba zisizokuwepo. Mpango ndugu yake, uliorudisha asilimia 90 ya gharama za kupendezesha sura ya jengo, ulikwenda mpaka Novemba 2021 kabla serikali haijadai uthibitisho kwamba bei zina akili. Polisi wa fedha walipoanza kufuatilia, mabilioni ya euro yalikuwa yameshapita.

La nne, usisome gazeti la serikali. Kanuni zilibadilishwa mara nyingi kiasi kwamba wahasibu wenyewe walichoka. Tarehe 16 Februari 2023 serikali ya Giorgia Meloni ilifunga biashara ya kuuziana haki hizo kwa kazi mpya. Benki nazo zilikuwa zimeshashiba na kuanza kuzikataa. Wakandarasi wakabaki na makaratasi yenye thamani kubwa yasiyoweza kulipa mshahara wa kibarua hata mmoja, na wakazi wakabaki ndani ya majengo yaliyozungushiwa nyavu na viunzi, wakingoja fundi asiyepokea simu.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Uchumi uliinuka haraka baada ya korona, na waliomaliza kazi wana nyumba zinazotunza joto. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa ruzuku, lilikuwa tarakimu. Kama serikali ingetoa asilimia 80, mwenye nyumba wa zile euro 100,000 angebaki na ishirini elfu zake mwenyewe za kuzitetea, na huyo ni mkaguzi mkali kuliko wizara nzima. Badala yake mpango ulimeza zaidi ya euro bilioni 120 kwa takriban majengo nusu milioni, sehemu ndogo mno ya majengo ya makazi ya nchi nzima. Aliyekuwa amepanga chumba Napoli, ambaye hakubadilishiwa hata kitasa, anachangia deni hilo pamoja na mwenye kasri.

Ukiwa umechelewa, pole. Kiwango kilishuka hadi asilimia 70 mwaka 2024, kisha 65 mwaka 2025, na hiyo ya mwisho ni kwa waliowasilisha karatasi zao mapema tu. Kwa wengine, mwaka 2025 ilibaki nafuu ya kawaida: asilimia 50 kwa nyumba unayoishi, 36 kwa nyinginezo, ikigawanywa kwa miaka kumi. Nusu ya gharama inatoka mfukoni mwako. Onyo: dalili ya kwanza ya nafuu hii ya kawaida ni mtu kuomba makadirio kwa mafundi watatu.