Sina Mume, Nina Chunusi

Uso wenye chunusi ni mali ya umma. Mama usiyemjua anapanda daladala ya Mbagala na ndoo yake ya dagaa, anakutazama kidogo, na kabla gari halijafika Mtongani keshakuandikia tiba: dawa ya meno, upake ukienda kulala. Aliyekaa dirishani anapinga, yeye anasema ndimu. Konda naye, ambaye hajaulizwa na mtu, anasema dada yake alipona kwa mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza kabisa, na anautaja kwa sauti ileile anayotajia vituo.

Nimezijaribu nyingi kati ya hizo, isipokuwa ya konda. Manjano yalinipa uso wa njano na chunusi za njano. Liwa aliyonisagia bibi kule Tanga ilinukia vizuri sana, nikawa mtu mwenye chunusi anayenukia. Kitu kimoja tu nilikikataa katakata, ile krimu ya kikopo kisicho na jina ambayo muuzaji huitoa chini ya meza huku akichungulia barabarani. Rafiki yangu aliipaka, uso ukateleza wiki mbili tatu, alipoiacha chunusi zikarudi na ukoo mzima. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwekewa steroidi kali, na steroidi ikizoeshwa usoni huzaa chunusi zake yenyewe. Na katika madaktari wote hawa wa njiani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nisikamue. Ngozi yetu nyeusi haisahau: chunusi inakaa wiki, doa lake linakaa miezi.

Halafu kuna tiba ya shangazi. Shangazi yangu, na mashangazi wa watu wote ninaofahamiana nao, wana dawa moja tu: "Ukiolewa zitaisha." Hawaelezi zinaishaje. Sijui mume anapakwa mara ngapi kwa siku, wala kama anatumika kabla au baada ya chakula. Nimewaonyesha wanawake walioolewa ndoa za ngoma na tarumbeta, wana watoto na wana chunusi. Shangazi akasema hao hawakuolewa vizuri.

Mimi nimeshavuka miaka thelathini. Chunusi za usichana nilizimaliza zamani na tukaagana kwa amani. Hizi za sasa ni nyingine, zinakaa kidevuni na kwenye taya, kubwa, zinauma, na hazikosei tarehe. Baada ya jeli na vidonge vya doksisaiklini kunipa nafuu ya kupumulia tu, nikaenda kwa daktari wa ngozi. Shangazi alishtuka, maana kwake yeye daktari wa ngozi ni wa ukoma. Huyu alisomea Moshi, kwenye chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na jambo hilo alilitaja mara mbili kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Akanishika kidevu, akakigeuza huku na huku, akauliza: "Zinazidi ukikaribia siku zako?" Nikasema zinazidi. Akasema tujaribu vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba.

Nilidhani amenichanganya na mgonjwa mwingine. Akaniambia nitulie, akaeleza. Mwanamke naye ana homoni za kiume mwilini, na ndizo zinazoziamuru tezi za ngozi zitoe mafuta. Mafuta yakizidi, vinyweleo vinaziba na bakteria wanapata pa kufanyia sherehe. Vidonge vyenye estrojeni na projestini kwa pamoja hupunguza homoni hizo zinazotoka kwenye ovari. Tena ini, likionja ile estrojeni, hutengeneza kwa wingi protini ya kuzikamata zile zinazozurura kwenye damu, kama mgambo wa jiji wanavyowazoa wamachinga Kariakoo. Ila lazima viwe vya mchanganyiko. Vya projestini peke yake, pamoja na sindano na kijiti, vinaweza hata kuzidisha chunusi, kwa hiyo asije mtu akakuazima chake akidhani anakusaidia.

Kisha akaniuliza maswali. Navuta sigara? Nina presha? Kichwa kinaniuma kile cha kipandauso, kinachotanguliwa na vimulimuli machoni? Mimi au ndugu yangu yeyote amewahi kuganda damu mguuni au kifuani? Nameza dawa za kifua kikuu? Maana rifampisini inavitoa nguvu vidonge hivi. Mengi yalikuwa maswali ya mtu anayeogopa damu isije ikaganda mahali pabaya, na angesikia ndiyo huenda asingeniandikia. Hakuniuliza kama nina mtu. Nilitaka kumkumbatia.

Vipo vya bei mbaya vinavyosifiwa kwa kazi hii, vyenye drospirenoni, nikaipiga hesabu ya kila mwezi nikaona heri nibaki na chunusi zangu. Akasema hata hivi vya kawaida, vinavyotolewa bure kwenye zahanati za serikali, huwasaidia wengi. Akanitajia uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2012: majaribio 31, wanawake 12,579, mwandishi wake wa kwanza Ayodele Arowojolu, daktari wa Ibadan, Nigeria. Vidonge vya mchanganyiko vilivishinda vidonge visivyo na dawa, na tofauti kati ya aina na aina haikuwa ya kutisha. Nilimsimulia shangazi haya kwa simu nikidhani takwimu zitamlainisha. Akasema, "Wanaijeria? Hawa wa sinema?"

Basi nikaenda zahanati, ambayo siitaji. Nikakaa kwenye benchi, chini ya bango la nyota ya kijani ya uzazi wa mpango, katikati ya kina mama wenye watoto mgongoni. Zamu yangu ikafika.

"Una watoto wangapi?" nesi akauliza.

"Sina."

Kalamu ikasimama. "Mume wako anajua umekuja?"

"Sina mume, dada. Nina chunusi."

Benchi zima likageuka kuniangalia, na kwa mara ya kwanza maishani uso wangu ukatazamwa bila mtu kunishauri ndimu. Nesi akasema chunusi ni chumba namba nne. Chumba namba nne wakasoma karatasi ya daktari wakasema majira ni kule nilikotoka. Nikarudi. Nikapimwa presha, ambayo ni haki kabisa kupimwa, kwa sababu mwenye presha ya juu hapewi vidonge hivi. Presha ikakutwa imepanda. Ningeshangaa ingekutwa imetulia. Nikaambiwa nikae pembeni nipumzike ishuke, na pembeni penyewe ni karibu na akina mama waliokuwa wakinijadili. Mwishowe ikashuka, nikapewa pakiti, na nesi akanikonyeza. Akasema kwa upole, "Siku hizi mnakuja na sababu nyingi."

Hapo ndipo ninapowaonea wivu Wamarekani. Kidonge chao cha kwanza, Enovid, kiliruhusiwa mwaka 1957 kama dawa ya matatizo ya hedhi, kikiwa na onyo kwamba kinazuia yai kutoka. Ghafla wanawake wengi wa nchi ile wakaanza kusumbuliwa na hedhi. Ruhusa ya kuzuia mimba yenyewe ilikuja mwaka 1960. Wao walitaja ugonjwa wakimaanisha majira, na waliandikiwa. Mimi nataja ugonjwa nikimaanisha ugonjwa, nakonyezwa. Na si kwamba jambo lenyewe ni geni: mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya huko iliruhusu rasmi Ortho Tri-Cyclen itumike kwa chunusi. Kama kuna mtu anayejua jinsi ya kuifikisha taarifa hiyo kwenye benchi lile, namwomba afanye hivyo.

Pakiti ina vidonge 28. Ishirini na kimoja ndivyo vyenye kazi, saba vya mwisho ni vya kahawia, ni madini ya chuma tu ya kukulinda usipoteze hesabu. Niliificha kwenye kopo la majani ya chai. Ninaishi nyumba ya kupanga, na mama mwenye nyumba, Mungu amjalie, huwa hakopi sukari wala chumvi. Hukopa majani ya chai. Alitoka chumbani kwangu ametulia, akasema, "Kumbe ndiyo maana unachelewa kurudi." Nachelewa kwa sababu ya foleni ya barabara ya Kilwa! Lakini foleni haina ladha ya kusimulia, na kabla ya Isha habari ilikuwa imeshafika Tanga.

Walewale walioniandikia mume miaka yote hii sasa walinuna kusikia kwamba huenda nimeanza dozi bila wao kula pilau. Mama mdogo alipiga simu analia. Alisema vidonge hivyo vinarundikana tumboni, vinakuwa uvimbe, halafu mtu hazai tena. Nikamweleza kwamba vinayeyuka na kufyonzwa kama kidonge kingine chochote, na mtu akiacha, uwezo wa kushika mimba hurudi, kwa wengi ndani ya miezi michache. Akasema yeye anamjua mtu. Kwetu hoja ikishafika kwa "namjua mtu" hujibu tena. Unasalimu amri na kuulizia hali ya mnazi.

Jambo pekee nililolimudu mwenyewe ni saa. Vidonge hivi vinataka saa ileile kila siku, nikatega simu saa tatu usiku. Mlio wa simu yangu ni singeli. Saa tatu ya siku moja ilinikuta kwenye matanga ya jirani, watu wamekaa mkekani, shehe ndiyo kwanza ameinua mikono kuomba dua. Sitasimulia zaidi. Nitasema tu kwamba dua ilisita, kisha ikaendelea kwa sauti kubwa kidogo.

Ila walioketi karibu walishaelewa, kwa namna yao. Mtu anayemeza dawa saa tatu kamili kila usiku, uswahilini kwetu, anajulikana anameza dawa gani. Mama mmoja mtu mzima akanisogelea, akanisukumia kikombe cha uji, akanong'ona: "Meza, mwanangu, usione haya. Mimi mwaka wa kumi na mbili huu, na shamba nalima." Ningemwambia nini? Nilimeza. Tangu siku hiyo hunipigia kila usiku saa tatu kasorobo kunikumbusha, na kusema kweli, katika watu wote waliojitia kwenye uso wangu, huyo ndiye peke yake aliyenifaa. Sijapitisha hata kidonge kimoja. Mtaa sasa una tetesi mbili kunihusu, na zinapingana, lakini mtaa haujaona tatizo.

Mdogo wangu wa kiume, mwenye chunusi kunishinda, alikuja kwa siri. "Dada, nipunguzie hata viwili." Nikamwambia estrojeni ya kila siku inaweza kumwotesha matiti. Alifikiri kwanza. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia, ndipo akasema basi.

Mwanzoni kulikuwa na kichefuchefu, na matone ya damu siku zisizohusika, na chunusi zikikaa palepale zinanitazama. Daktari alikuwa amenionya: miezi mitatu ndipo nianze kuona kitu, sita ndipo nihukumu. Hakuna anayekuonya kwamba miezi mitatu ni mirefu kiasi hicho unapolala na sifa mbaya ya kitu ambacho hata hakijakusafisha. Msimu wa maembe ulipopita, kidevu kikaanza kupoa. Madoa bado yapo, na moja mbili hujitokeza kunisalimu, lakini sasa napanda daladala naulizwa nauli tu.

Shangazi alikuja Idi. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaung'arisha kwa macho. "Nilikwambia mimi," akasema. "Haya, ni nani huyo?" Nikasema hakuna mtu, ni vidonge. Akacheka, akamgeukia mama mdogo, wakacheka wote wawili.

Kwa kuwa uso umeshakuwa wa kuonyeshwa, wameniletea mchumba. Mhasibu, wa Korogwe, mstaarabu, ameonyeshwa picha yangu ya Idi na ameridhika. Anataka mtoto mapema. Nikampigia daktari, akanijibu bila kuzunguka: kutaka mtoto ni kuacha vidonge, na wengi wakiviacha chunusi hurudi, na baadhi ya dawa nyingine za usoni nazo hazitakiwi kwa mjamzito. Nikamwambia mama mdogo amweleze mhasibu kwamba nikiolewa ndipo zinaanza. Amesema hilo haliandikwi kwenye majibu ya posa. Nikamwambia basi aandike kwamba mahari ni ile ile, ila sabuni ya uso itakuwa juu yake.