Barua ya Wazi kwa Baraza la Mafundi wa Chini ya Mwembe

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza Kuu la Mafundi wa Chini ya Mwembe,
Kikoneni, Kaunti ya Kwale.

KUH: THAMOSTATI ILIYOFUKUZWA KAZI BILA KUSIKILIZWA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa unyenyekevu, kwa niaba ya wenye magari wa hapa ambao bado hawajayauza kwa kilo. Baraza lako halina cheti ukutani, kwa kuwa halina ukuta, lakini mamlaka yake hayana mpinzani. Daktari akisema mtu ana malaria, familia huchanga nauli ikatafute daktari wa pili Msambweni. Fundi wako akisema "ng'oa thamostati", hakuna rufaa.

Kesi yenyewe inahusu Toyota Celica GT-Four ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, injini ya 3S-GTE, lita mbili na turbo. Nalitaja gari kwa jina lake kamili kwa sababu wajumbe wako walilipokea kana kwamba ni Probox iliyovaa suti. Gari hili lina ukoo. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1990, kisha kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, na ushindi wa 1994 ulikuwa wa Mkenya mwenzetu, Ian Duncan. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba Toyota ilimpa Duncan yai bichi la kuvunjia kwenye rejeta.

Lalamiko lilikuwa fupi: gari linachemka. Kabla sentensi haijakamilika spana ilikuwa ishashika nati, na hukumu ikasomwa papo hapo: thamostati ni kifaa cha nchi za theluji, sisi huku tuna joto la bure. Hoja nzuri sana, Mheshimiwa. Inavutia hata akilini, mpaka mtu afungue kitabu.

Thamostati ni kivalvu kidogo chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, hufunga njia ya maji ili chuma kipate joto haraka. Maji yakifika kama nyuzi 82, nta inavimba na njia inafunguka. Elimu ya Baraza inaishia hapo. Kumbe katika injini nyingi za Toyota kivalvu hicho kina kisahani cha pili, na kinapofunguka upande wa rejeta, kisahani hicho huziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukikitoa, mkato unabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji moto inazunguka ndani ya injini na kurudi palepale, haioni feni wala upepo. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya Toyota vinaonya waziwazi kwamba usiitoe thamostati hata kama injini ina tabia ya kuchemka. Baraza lako, basi, limefaulu kuongeza joto kwa kutumia dawa ya kupunguza joto, ufanisi tuliodhani ni wa wizara peke yake.

Baada ya hapo yakaja maji ya kisima. Visima vya pwani yetu, hasa ukikaribia bahari, vingi vina chumvi, na kila mama anayepika chai anajua. Silinda hedi ya Celica ni ya alumini. Kuulanti ile ya rangi, ambayo wajumbe wako huiita "juisi ya matajiri", ina dawa ya kuzuia kutu na ulikaji wa alumini hiyo. Maji ya kisima yanaleta ulikaji wenyewe, pamoja na chokaa ya kuziba mirija. Ikionekana tone linavuja, Baraza linaagiza yai na bizari. Sikatai, yai huziba tundu. Huziba pia mirija ya rejeta ambayo haikuwa na tundu, kwa kuwa yai halibagui.

Kofia ya rejeta nayo raba yake ilikuwa imechoka, mkaisaidia kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo, Mheshimiwa, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, hivyo Baraza lilivunja sheria ya nchi na ya fizikia kwa mkono mmoja. Maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 100. Yakifungiwa chini ya kofia nzima, yenye shinikizo la karibu baa 0.9, hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Kofia ikishindwa kushika, umempunguzia dereva nyuzi zaidi ya kumi za usalama.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ile sherehe. Mtakumbuka gari lilivyojaribiwa, mshale wa temperecha ukapanda hadi juu, kisha ghafla ukashuka chini kabisa. Baraza likapiga makofi. Mjumbe mmoja akaomba pesa ya soda. Mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha! Sensa hupima vizuri ikiwa ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake inabaki kwenye hewa na mvuke, na geji inadanganya kwamba mambo ni shwari. Mlikuwa mnashangilia injini inayoungua.

Azimio la mwisho likatolewa: gasketi imeungua, hedi ishushwe, na ikiwezekana injini yote iuzwe na iwekwe ya Premio. Ushahidi wa gasketi haukuulizwa. Hakuna aliyevuta dipstiki kuona kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyefungua kofia injini ikiwa baridi, akaiwasha na kutazama kama mapovu yanatoka mfululizo. Hakuna aliyenusa moshi.

Mheshimiwa, swali lililohitajika halina gharama: linachemka wapi? Hili lilikuwa likichemka kwenye barabara ya vumbi, gia ya pili, mwendo wa ng'ombe. Likifika lami ya Lunga Lunga na kushika kasi, mshale unarudi katikati. Gari linalochemka likienda pole na kupoa likikimbia limekosa upepo, na kazi ya feni ni kuleta upepo pale mwendo unaposhindwa. Lingechemka likikimbia au likipanda mlima, hapo tungeshuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au hiyo gasketi yenu.

Kijana mmoja wa umeme kule Ukunda aliuliza swali hilo, kisha akachomoa waya wa swichi ya feni. Katika Toyota nyingi za zama hizo, ukichomoa waya huo na kuwasha ufunguo, feni inatakiwa izunguke. Ikazunguka. Maana yake mota ni nzima, rilei ni nzima, swichi ndiyo imekufa. Akabadilisha swichi na kofia, akasafisha mfumo kwa maji safi, akatia thamostati mpya na kuulanti, akatoa hewa huku hita ikiwa wazi. Akaondoa pia udongo mwekundu uliokuwa umejaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, na akauliza iko wapi ile plastiki ya chini inayoelekeza hewa. Nilimjibu kwamba iko Kikoneni, imeezeka banda la kuku la mjumbe wenu.

Nakiri Baraza lina utetezi. Mnafanya kazi juani kwa spana za kuazima, na wenye magari si malaika: tunataka tatizo la elfu kumi litibiwe kwa mia mbili, tena kwa mkopo. Lakini mia mbili inatosha kabisa kununua swali moja.

Kwa hiyo naomba Baraza lirudishe plastiki yangu, lizirudishie kazi thamostati zote zilizofukuzwa, na kabla ya kushusha hedi ya mtu lionyeshe mapovu. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi.

Na feni msiiguse.

Wako mtiifu,
Mwenye Celica, Kikoneni.