Namna ya Kushinda Mbio Ukikimbia Peke Yako

Kama wewe ni mtu wa Tangini, hapa Kibaha, na roho yako imekwama kwenye kiti cha urais wa mpira, uwe wa Tanzania, wa Afrika au wa dunia nzima, kosa la kwanza ni kwenda uwanjani. Uwanjani kuna mashabiki, na shabiki hana kura. Wenye kura ni wajumbe, nao ni wachache kuliko unavyodhani. Vyama vyote 211 vya FIFA, kila kimoja na kura yake, vinaenea kwenye mabasi manne ya Morogoro. Ukisimama Mailimoja unawahesabu wote. CAF ya Afrika ina 54: basi moja, na konda hakosi kiti. Kwa hiyo achana na spika na mabango. Nunua daftari, uandike namba zao za simu na majina ya watoto wao.

Sasa udhamini. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Kanuni ikisema kila mgombea alete barua tano za wanachama, mshamba hutafuta tano. Wewe tafuta zote. Atakayekuja nyuma yako atapokewa vizuri, atapewa soda, ataambiwa barua imeshatoka. Urais wa TFF, shirikisho letu la Tanzania, uligombewa Tanga mwaka 2021, na hapo hapo Tanga mwaka 2025. Mara zote mbili Wallace Karia alibaki peke yake, wenzake wakiwa wamekwama mlangoni. Uchaguzi wa namna hii hauna presha, na wajumbe wanawahi chakula cha mchana.

Wapinzani wakipenya, wagawie vyeo. Mwaka 2021 wanne waliutaka urais wa CAF. Kufika Rabat, watatu walikuwa wamejitoa: Senghor na Yahya wakawa makamu wa rais, Anouma akawa mshauri, na Patrice Motsepe akapitishwa kwa makofi. Infantino wa FIFA naye alipigiwa makofi hapo jirani, Kigali, mwaka 2023. Jizoeze basi kuinuka kitini taratibu, kama mtu aliyeshtukizwa.

Ila jihadhari na yaliyomkuta Issa Hayatou, aliyekuwa rais wa CAF. Mwaka 2012 CAF ilibadili kanuni, urais ukawa wa wajumbe wa kamati ya utendaji tu. Anouma yule yule, aliyeutaka urais hata wakati ule, akawekwa kando, na mwaka uliofuata mzee akapita bila kupingwa. Tatizo la kufunga mlango ni kwamba hujui uliyejifungia naye ndani. Ahmad Ahmad wa Madagaska alikuwa mjumbe wa kamati hiyo hiyo, na Machi 2017, Addis Ababa, alimshinda kwa kura 34 dhidi ya 20. Miaka 29 ya mzee ikaishia hapo.

Jambo la mwisho: ukipita karibu na shule ya Filbert Bayi hapa Kibaha, geuza uso, usije ukaharibikiwa. Mzee yule, Christchurch mwaka 1974, alikubali John Walker amfukuze mita 1500 nzima. Akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, Walker yuko mgongoni kwa 32.52, na wote wawili wameivunja rekodi ya dunia iliyokuwapo. Mateso ya bure. Angekusanya barua mapema, Walker angekaa jukwaani na soda yake, na Bayi angetembea mpaka kwenye utepe, sisi tukipiga makofi.