Babu na Mikarafuu Yake

Katika ukoo wetu hapana atajwaye kwa taadhima kama babu yake babu, ambaye, kwa riwaya ya shangazi yangu, alikuwa na mikarafuu isiyohesabika kisiwani Unguja, akaishi miaka 110, na hapakuwa na aliyethubutu kumkata kauli ila Sayyid Barghash peke yake. Nami, kwa kuwa nina wasaa na sina mikarafuu, niliazimia kuitafuta sira yake huko Kilimani, ziliko nyaraka za kale za Zanzibar.

Jina lake silitaji, maana wenye jina hilo wangeujaza msikiti wa Ijumaa. Na kwa kuwa ada yetu ni mjukuu kupewa jina la babu, kila daftari lilinipa mtu yule yule mara tatu, nisijue yupi ni yeye, yupi ni babu yake na yupi ni mjukuu aliyeazima jina. Umri nao ulizua fitina. Mwaka wa Hijria hupungua siku kama 11 kwa mwaka wa Miladi, basi ile miaka 110 ilipogeuzwa ilipoteza mitatu na ushei, na mjomba akanitazama kana kwamba nimemwibia marehemu.

Lakini iliposikika ya kuwa imeonekana hati itajayo shamba, jamaa waliongezeka: walikuja mabinamu wa Mombasa, wakaja na wa Maskati, mmoja wao amekumbatia nasaba ambayo wino wake, Mungu anisamehe, ulikuwa haujakauka vyema. Tukakaa barazani, kahawa ikazunguka, na mwalimu wa chuoni akavaa miwani akatusomea nakala. Kumbe ilikuwa hati ya bei ya khiyari, muamala ulioenea sana Unguja zamani hizo, ambao mtu huliuza shamba lake kwa sharti ya kuweza kulikomboa katika muda uliowekwa, naye akabaki mumo humo akilipa kodi, hata riba isitajwe na fedha ya mkopeshaji isilale njaa. Babu aliuza baada ya tufani ya mwaka 1872, iliyoiangamiza mikarafuu ya Unguja na kuinusuru ya Pemba, na bei ya karafuu ikapanda kwa furaha ya waliokuwa nazo; yeye alikuwa na visiki. Muda wa kukomboa ukapita, wala hati ya kukomboa haikuonekana.

Kikombe cha pili hakijamiminwa, binamu wa nasaba mbichi akakumbuka ya kuwa babu yake yeye alikuwa mwingine, wa jina lilo hilo, tena wa Pemba. Wa Mombasa nao wakataja safari. Shangazi hakutikisika. Aliuliza kiasi cha deni, akatajiwa, akataka kirudiwe kwa sauti ili na majirani wasikie.

"Haya, mmesikia," akasema. "Maskini angekopeshwa na nani fedha zote hizo?"