Upembuzi Unaendelea

Maneno ya kuchunguza jambo hadi kwenye mizizi yake tunayo mengi. Upekuzi unanuka polisi, udadisi unanuka jirani, na uchunguzi wa kina ni mali ya tume. Lenye heshima kuliko yote ni "upembuzi yakinifu", maana limetoka kwenye ungo: nafaka inapepetwa, wishwa unakwenda huku, chenga kule, kisha watu wanakula. Ninachodai ni kwamba wilayani Ngara neno hili limebaki na ungo tu; chakula hakijapikwa.

Ushahidi uko Kabanga. Nikeli yake ilianza kutafutwa miaka ya 1970, Serikali ikishirikiana na Umoja wa Mataifa. Mwaka 1999 ikaingia mikononi mwa kampuni ya Barrick, baadaye wakaja Xstrata na Glencore, kila mmoja na wataalamu wake wa kuchoronga. Mwaka 2018 leseni ikafutwa. Januari 2021 ukasainiwa mkataba mpya, Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa, na Julai 2025 ukatangazwa upembuzi yakinifu mwingine. Aliyezaliwa wakati wa mashimo ya kwanza leo ni babu, na mwamba ule unajulikana kuliko koo za wenyeji wake. Katika mazingira hayo, nani amlaumu mume ambaye paa linavuja naye yuko kwenye upembuzi? Mdaiwa wa dukani naye anapembua. Mchumba aliyeahidi kuleta posa anapembua mwaka wa tatu, na kwa bahati mbaya mvua, mwenye duka na baba wa binti si watu wa kusubiri ripoti.

Watetezi watasema haraka haraka haina baraka, kisha watanyoosha kidole Biharamulo: mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na kufikia 2013 ulikuwa umeachwa mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la Serikali. Tena dhahabu inabebeka kwa ndege ndogo, ilhali nikeli inataka umeme mwingi na reli. Hoja hiyo ni nzito, naikubali. Ila kama kilichokosekana ni umeme na reli, kwa nini anayetobolewa kila mara ni mwamba? Maporomoko ya Rusumo, hapo hapo Ngara, nayo yalipembuliwa miaka na miaka. Leo yana mtambo wa megawati 80, ambao umeme wake unagawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Kumbe upembuzi unaweza kuisha! Na kuhusu Tulawaka, watu wa Biharamulo angalau wana mgodi wa kulalamikia. Wa Ngara wana ripoti.

Basi ombi langu kwa kiongozi yeyote atakayesimama mkutanoni na neno hili ni dogo: alitamke pamoja na tarehe ya mwisho. Akiwa hana tarehe, aseme tu kwamba bado anafikiria, nasi tutamwelewa.