Mkwe Kapigwa na Maua

Baba mkwe alikuja Jumapili, leo ni Jumatano, na vijana wa bodaboda pale stendi ya Mbinga wameshaanza kuniuliza kama maua yangu yametulia au bado yana hasira. Siwajibu. Naambiwa habari yenyewe ilifika Mbamba Bay kabla mzee mwenyewe, akirudi kwake, hajafika, na hiyo barabara ya lami tuliyoililia miaka yote imesaidia.

Mzee alipanda kutoka Liuli na kikapu cha usipa mkavu, mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu tangu mahari iishe. Tukampa kiti kikubwa, kile kilicho ubavuni mwa kabati la vyombo. Juu ya kabati, kwenye ungo, nilikuwa nimeanika maganda ya mnyonyore. Nje haifai: Julai ya Mbinga ina ukungu asubuhi na kuku mchana. Saa nane jua likapenya dirishani, likatua juu ya ungo.

Pa!

Mzee akajishika upara. Akatazama dari, akanitazama mimi, akaendelea na habari ya bei ya nyavu. Mgeni muungwana haulizi mara ya kwanza. Pa! Hiyo ikampata begani. Pa! Hiyo ikagonga kioo cha picha ya harusi.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “kuna kitu kinanipiga.”

“Ni maua, baba.”

“Maua.”

“Ndiyo, baba. Yanakauka.”

Akanyamaza. Nadhani alikuwa anahesabu upya mahari aliyopokea, aone kama inatosha kumwacha binti yake katika nyumba ya namna hii. Kisha akainua kikombe cha kahawa, na mbegu moja, bapa, ya kahawia, ikaruka kutoka juu ikatumbukia humo: tubwi. Nikarukia kikombe, nikampokonya mkononi. Kahawa ikamwagikia suruali yake ya kanisani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo, amejiziba mdomo kwa upindo wa khanga, mabega yanatikisika. Kutoka pale aliposimama sikupata msaada.

Kikombe cha mkwe hakipokelewi hata kwa mkono mmoja, sembuse kupokonywa. Lakini mnielewe. Mbegu za mnyonyore si za kunywea. Maria Sibylla Merian, mchoraji wa Kijerumani aliyekwenda Suriname mwaka 1699, aliandika katika kitabu chake cha 1705 kwamba wanawake waliofanywa watumwa kule walizitumia kutoa mimba, ili watoto wao wasiwe watumwa kama wao. Ukishasoma hayo, huliangalii tena ua lile jekundu lenye ukingo wa njano kama pambo tu, wala humwachii mkwe kikombe. Kumweleza mzee haya yote, na mada yenyewe ni mimba, mbele ya binti yake, ningewezaje? Nikasema, “Kuna inzi, baba.”

Sasa, lile ganda. Nimelitazama sana kabla na baada ya aibu, na bado linanishangaza. Ni jamaa ya maharage: pande mbili zimeshonwa kwa mishono miwili, mbegu katikati. Ndani ya kila upande nyuzi zimelala mshazari, tabaka moja likielekea huku, jingine kule. Ganda likikauka, kila tabaka linajikunja kwa upande wake, na upande mzima unataka kujisokota. Hauwezi, kwa sababu mwenzake ameushika kwenye mshono, naye anataka kujisokota vilevile. Wanavutana hivyo siku kadhaa, kimya, mpaka mshono unachoka. Kinachofuata ndicho kilichompata mzee. Okota ganda lililokwisha kupasuka: kila nusu imejiviringa, na ukiinyoosha kwa vidole inarudi palepale.

Na mbegu yenyewe ni ya ajabu kuliko ganda. Ngozi yake haipitishi maji. Unaweza kuiloweka usiku kucha, asubuhi ukaikuta kavu moyoni, inang'aa, haina habari. Si ukaidi wa bure. Huku kwetu Ruvuma msimu wa mvua ni mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na kabla yake huja manyunyu ya kudanganya. Mbegu inayoamka na manyunyu hufa na jua linalofuata. Ya mnyonyore husubiri ardhi iikwangue polepole. Moja huota mwaka huu, nyingine mwakani. Mwenye haraka huisugua ukingoni kwenye jiwe la kunolea mpaka weupe uonekane, ndipo ailoweke. Asubuhi zilizolewa maji zimevimba, ngozi imekunjamana kuanzia pale ulipoikwangua. Iliyobaki ndogo irudi kwenye jiwe.

Hayo nimeyajua baada ya kupika mbegu kwenye maji yanayochemka, kuku kufukua kitalu, na mti wenyewe, ambao una miiba, kunichania suruali. Jirani, ambaye shamba lake la mashimo ya ngoro linatoa maharage kwa magunia, hupita akiutazama uwanja wangu wenye jua zuri namna ile, anatikisa kichwa.

Aibu ya Jumapili haikuishia kwenye kikombe. Mzee aliokota mbegu sakafuni, akaigeuzageuza kiganjani. “Si ule mti wa ugo wetu huu? Watoto wanachezea maganda yake. Umezitoa wapi?”

“Nilinunua, baba.”

Hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke.

Ni kweli nilinunua, pakiti dukani, kwa bei ya kilo ya sukari, na ukaota mti mmoja tu. Na hapa utani unaniishia. Pakiti ile ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Iliniagiza nipande baada ya baridi ya barafu kupita. Barafu ipi, Mbinga? Haikusema mbegu ikwanguliwe. Haikuwa na mwaka wa kufungashwa. Mkulima wa mahindi ana lebo ya wakaguzi wa mbegu, TOSCI, ya kumlinda, wa kahawa ana bwana shamba wa kumweleza ugonjwa wa chulebuni. Mpanda maua anauziwa picha. Ukirudi dukani kulalamika unaulizwa, kwani maua yanaliwa?

Ninyi mnaofunga pakiti hizo, andikeni mwaka, andikeni kwa Kiswahili, andikeni “kwangua kwanza”. Nafasi ipo: futeni ile mistari ya barafu.