Futi Sita na Kitu

Jua la Kitui ikifika saa kumi jioni haliji tena kutoka juu. Linainama, linapita chini ya mpasheni uliotambaa juu ya kibanda chetu cha uani, na kukukuta usoni hata ukihamisha kiti. Kibanda kina nguzo na fito, hakina kuta. Dawa yake ni fremu za mbao zilizowambwa neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, inayouzwa kwa asilimia. Duka la vifaa lilikuwa na ya 50 na ya 75. Tukachukua ya 75. Mkamba habahilii kivuli.

Kazi ya fremu tulimpa shemeji, kaka wa mke wangu, seremala huko Kibwezi, kwa kuwa ana mbao za mukau. Mchwa wa huku hula mkalitusi mpaka msumari ukabaki hauna pa kushikilia, lakini mukau huupita. Wanaoupenda ni mbuzi: majani wanakula, matunda wanakula, na mtu akitaka mbegu za kuotesha huenda kuziokota zizini.

Vipimo vilikwenda kwa simu, neti kwa matatu. Mke wangu alivuta tepu, akasoma: “Futi sita na kitu.”

“Kitu gani?” shemeji akauliza.

“Kitu kidogo.”

Nchi hii kitu kidogo kimeharibu barabara nzima, sembuse fremu.

Fremu zikafungwa juu ya matatu Kibwezi, zikavuka Mto Athi, zikapita Ikutha na Mutomo. Kwa ukarimu wake, shemeji alikuwa ameshawamba neti, kwa hiyo upepo ulisafiri nazo bila nauli. Makanga alituapia kwamba kona za kulia alikata dereva, za kushoto zilikatwa na neti.

Fremu ya kwanza iliingia vizuri, tukashangilia mapema. Ya pili ilibana juu, na chini ikaacha nafasi ya kupita kuku. Kuku akapita. Fundi wa mtaani aliitwa, akaegemeza pimamaji kwenye nguzo, kipovu kikakimbilia pembeni kikakaa huko huko. Akapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha mshazari. Kona ikiwa sawa, mshazari hutoka futi 5 kamili. Wetu ulitoka 5 na vidole vitatu.

“Fremu haina kosa,” akasema. “Kibanda ndicho kimelewa. Nani alikijenga?”

Mke wangu akamtazama kaka yake, aliyekuwa amekuja kujionea kazi yake. Kaka yake akautazama mpasheni.

“Shemeji,” akaniambia baada ya muda, “hii pasheni mnaitilia mbolea gani?”

Fundi alitaka kung'oa nguzo. Shemeji alitaka kuranda fremu. Walipokuwa bado wanabishana, Mwaitu, yaani mama, alitoka jikoni, akaacha sufuria ya muthokoi mezani, akasema “Asi!” na kurudi ndani. Alitoka na katani yake ya kusukia vyondo na sindano ndefu ya magunia. Akakaa chini, akasokota uzi pajani, akauongeza, akausokota tena, kisha akashona ukingo wa neti moja kwa moja kwenye nguzo, mshono wa karibu karibu, huku akiwaambia mafundi wawili wale chakula kisipoe. Tangu siku hiyo upepo wa Agosti umelegeza kila kilichopigwa msumari. Mshono wake haujatikisika.

Ya tatu ilibaki na mwanya, kwa sababu katani iliisha.

Jioni ile ile tulikuwa tumeketi kivulini, wote tukisifiana, jirani wa upande wa mashariki akabisha hodi. Kumbe kivuli kilivyorefuka kilikuwa kimevuka ua, na yeye alikuwa ametoa kiti chake nje mapema kuliko sisi.

“Jirani, kazi ni nzuri,” akasema. “Ila hiyo ya tatu ina mwanya. Jua linanipiga jicho la kushoto.”

Mwaitu akamwambia alete kiti huku. Na sukari, yetu imeisha.